Mlio wa jointi ya CV

Mlio wa jointi ya CV ni sauti kavu ya "tak-tak-tak" inayotoka upande wa magurudumu yanayoendeshwa na injini, hasa gari linapokata kona huku dereva akikanyaga mafuta. Husababishwa na kulika kwa jointi inayounganisha shafti ya ekseli na gurudumu. Herufi CV, ambazo mafundi hutamka "sivi", ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kasi isiyobadilika".

Mlio huu ni dalili inayojulikana sana ya uchakavu katika magari ya zamani yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Hata hivyo si kila mlio wa namna hiyo unatoka kwenye jointi. Jiwe dogo lililonasa kwenye tairi, nati za gurudumu zilizolegea, pedi za breki, difu, giaboksi au injini yenyewe vinaweza kutoa sauti inayofanana nao. Ni muhimu kuvitofautisha, kwa kuwa baadhi ya visababishi havina madhara, vingine vinaweza kuleta ajali, na gharama za matengenezo yake hupishana mno. Mpira wa jointi uliopasuka na kuonekana mapema ni tengenezo dogo; giaboksi iliyoshushwa bila sababu ni hasara kubwa.

Mahali pake katika gari

Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, kisha kwenye difu, kabla ya kufika kwenye magurudumu. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, difu huwa ndani ya giaboksi, na kutoka hapo shafti mbili hutoka, moja kulia na moja kushoto. Mafundi wengi huziita draivu shafti. Kila shafti ina jointi mbili:

- Jointi ya nje, iliyo karibu na gurudumu. Hii hulazimika kupinda sana wakati usukani unapozungushwa.
- Jointi ya ndani, iliyo karibu na giaboksi. Hii haipindi sana, lakini huruhusu shafti kurefuka na kufupika kidogo gurudumu linapopanda na kushuka kwenye mashimo na matuta.

Mgawanyo huo wa kazi ndio unaofanya dalili za jointi hizi mbili zitofautiane. Jointi ya nje ikilika hulia kwenye kona. Jointi ya ndani ikilika hutikisa gari linapoongezewa mwendo, au hutoa mgongo mmoja mzito dereva anapokanyaga mafuta na kuachia.

Muundo

Jointi ya nje ya magari mengi madogo ina sehemu nne: kikombe cha chuma chenye mifereji ndani yake, kitovu chenye mifereji kwa nje, gololi (kwa kawaida sita), na kizimba kinachozishika gololi hizo zisitawanyike. Kila gololi hukaa nusu ndani ya mfereji wa kikombe na nusu ndani ya mfereji wa kitovu. Shafti ikizunguka, kitovu husukuma gololi, na gololi husukuma kikombe ambacho kimeungana na gurudumu.

Siri ya jointi hii ni mahali gololi zinapokaa. Shafti ikipinda, mifereji na kizimba huzilazimisha gololi zote zikae kwenye bapa linalogawa pembe ya mpindo katika nusu mbili zilizo sawa. Kwa sababu hiyo upande wa gurudumu huzunguka kwa kasi ileile ya upande wa giaboksi, hata pembe ikifikia nyuzi 45 hivi.

Jointi ya ndani mara nyingi ni ya miguu mitatu. Kila mguu una roli inayozunguka juu ya beringi za sindano, na roli hizo huteleza ndani ya mifereji mitatu iliyonyooka.

Jointi zote mbili hujazwa girisi maalumu na kufunikwa kwa mfuko wa mpira au plastiki wenye mikunjo, unaobanwa kwa klipu pande zote mbili. Mfuko huo, ambao kwa kawaida huitwa mpira wa CV, ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Chuma cha jointi kinaweza kudumu kwa muda mrefu sana kama mpira haujapasuka.

Historia

Jointi ya zamani zaidi inayofanya kazi kama hii ni ile ya msalaba, ambayo mafundi wa Afrika Mashariki huiita krosi. Huhusishwa na majina ya Gerolamo Cardano wa Italia (1501–1576) na Robert Hooke wa Uingereza (1635–1703). Krosi ni imara na rahisi kutengeneza, lakini ina kasoro moja: ikipinda, upande wa pili hauzunguki kwa kasi iliyo sawa. Kwa mpindo wa nyuzi 30, kasi ya upande wa pili hushuka hadi asilimia 87 na kupanda hadi asilimia 115 ya kasi ya upande wa kwanza, mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye propela ya lori kasoro hiyo huondolewa kwa kuweka krosi mbili zinazosawazishana. Kwenye gurudumu la mbele, ambalo pembe yake hubadilika kila usukani unapozungushwa, usukani ungetetemeka mikononi mwa dereva.

Katika miaka ya 1920 wahandisi kadhaa walitafuta jointi isiyo na kasoro hiyo. Nchini Ufaransa, Pierre Fenaille na Jean-Albert Grégoire walitengeneza jointi ya Tracta mwaka 1926. Nchini Marekani, Alfred Rzeppa alibuni jointi ya gololi sita, na muundo wake ulioboreshwa ndio unaotumika hadi leo kwenye jointi nyingi za nje. Gari dogo la Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959, lilitumia jointi za aina hiyo na kuonyesha kwamba gari la bei nafuu linaweza kuvutwa na magurudumu ya mbele bila usumbufu. Baadaye viwanda vingi vilifuata njia hiyo. Toyota Corolla, kwa mfano, ilianza kuhamia kwenye magurudumu ya mbele katika toleo lake la tano, mwaka 1983.

Kwa nini jointi hulia

Uharibifu huanza karibu kila mara kwenye mpira. Mpira huzeeka kwa joto na kwa kupinda mamilioni ya mara, hukauka, kisha hupasuka kwenye mikunjo. Wakati mwingine hukatwa na jiwe au kijiti, au klipu hulegea. Shafti inayozunguka hurusha girisi nje kupitia ufa huo, na vumbi, mchanga na maji huingia ndani. Girisi iliyochanganyika na mchanga husaga chuma badala ya kukilinda.

Gari linapokwenda moja kwa moja, kila gololi hukaa karibu mahali pamoja ndani ya mfereji wake. Hapo ndipo mfereji hulika na kufanya kishimo kidogo. Gari linapokata kona, jointi hupinda, na kila gololi hulazimika kwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya mfereji mara moja katika kila mzunguko. Gololi inapotoka kwenye kishimo na kurudi ikiwa imebeba nguvu ya injini, huruka kidogo na kugonga chuma. Mgongo huo ndio "tak" inayosikika.

Maelezo haya yanaonyesha kwa nini mlio una tabia tatu:

- Husikika kwenye kona na hupungua au kutoweka barabara ikinyooka, kwa kuwa gololi hazisafiri tena ndani ya mifereji.
- Huongezeka dereva anapokanyaga mafuta na hupungua anapoachia, kwa kuwa mgongo hutokana na nguvu inayopita kwenye gololi.
- Huenda haraka gari likienda haraka, kwa kuwa shafti na gurudumu huzunguka pamoja.

Mlio ukianza kusikika hata gari likienda moja kwa moja, jointi imelika sana.

Uchunguzi

Kuhesabu mlio

Kabla ya kufungua chochote, jambo la kwanza ni kujua mlio unafuata mzunguko wa kitu gani. Tairi la ukubwa wa 185/65 R15 lina mzingo wa mita 1.95 hivi. Gari likienda kilomita 10 kwa saa, tairi hilo huzunguka takriban mara 85 kwa dakika, karibu sawa na mapigo ya moyo wa mtu mzima. Kwa mwendo huohuo:

- Kitu kilichonasa kwenye tairi hulia mara 85 kwa dakika.
- Jointi yenye mfereji mmoja mbovu hulia mara moja au mbili kwa kila mzunguko. Mifereji yote sita ikiwa mibovu, milio huzidi 500 kwa dakika na kusikika kama mrindimo.
- Propela ya gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, ikiwa uwiano wa difu ni 4 kwa 1, huzunguka mara 340 hivi.
- Injini iliyo kwenye sailensa huzunguka mara 700 hadi 800, bila kujali kasi ya tairi.

Jaribio rahisi la kuitenga injini ni kusimamisha gari na kuiacha injini ikiunguruma. Mlio ukiendelea, hautoki kwenye jointi za magurudumu. Shafti za ekseli hazizunguki gari likiwa limesimama.

Jaribio la kuendesha

Jaribio hufanyika kwenye uwanja mpana, tambarare na usio na watu wala magari, vioo vya madirisha vikiwa vimeshushwa na redio imezimwa.

1. Kwanza magurudumu yote hukaguliwa kwa macho na nati zake huhakikishwa kuwa zimekaza. Hatua hii haipaswi kurukwa, kwa sababu gurudumu lililolegea pia hugonga, na linaweza kuchomoka.
2. Gari huendeshwa polepole moja kwa moja, dereva akisikiliza.
3. Usukani huzungushwa hadi karibu mwisho upande wa kushoto, na gari huendeshwa kwa mduara kwa mwendo wa mtu anayetembea, mafuta yakikanyagwa kidogo.
4. Hatua hiyo hurudiwa upande wa kulia.
5. Miduara yote miwili hurudiwa gari likienda rivasi. Wakati mwingine jointi iliyoanza kulika husikika kwa kurudi nyuma kabla ya kusikika kwa kwenda mbele, kwa kuwa gololi hugusa upande mwingine wa mfereji.
6. Katika kila mduara dereva huongeza mafuta kidogo kisha huachia, ili kuona kama mlio unafuata nguvu ya injini.

Mafundi wengi husema kwamba gari likilia linapokata kushoto, jointi mbovu ni ya kulia, na kinyume chake, kwa sababu uzito wa gari huegemea gurudumu la nje ya kona. Kanuni hii husaidia lakini si hakika. Gurudumu la ndani ya kona hupinda kwa pembe kubwa zaidi kuliko la nje, kwa hiyo jointi yake nayo inaweza kulia. Tena sauti husafiri kwenye chuma cha gari na kumdanganya msikilizaji. Upande huthibitishwa kwa kukagua jointi zenyewe.

Kukagua chini ya gari

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji jeki. Usukani ukizungushwa hadi mwisho, mpira wa jointi ya nje huonekana nyuma ya gurudumu. Dalili za kutafuta ni ufa kwenye mikunjo, klipu iliyochomoka, na girisi nyeusi iliyorushwa kwa mstari upande wa ndani wa rimu, kwenye kalipa ya breki au kwenye mkono wa chini. Mstari huo wa girisi ni ushahidi wenye nguvu kuliko sauti.

Kwa ukaguzi zaidi gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, magurudumu ya nyuma yakizuiwa kwa vigingi. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Gia ikiwa N, gurudumu huzungushwa taratibu kwa mkono, na mikunjo yote ya mpira hufunguliwa na kutazamwa. Kisha shafti hushikwa karibu na jointi na kusokotwa huku na huku wakati gurudumu limezuiwa. Jointi nzima ina nafasi ndogo mno; iliyolika hucheza waziwazi na kugonga.

Ni kosa kuwasha injini na kuweka gia wakati magurudumu yananing'inia hewani ili kusikiliza mlio. Licha ya hatari yake kwa mtu aliye karibu, magurudumu yanayoning'inia huzipinda jointi kupita pembe zake za kawaida, na hata jointi nzima inaweza kugonga.

Visababishi vingine vya mlio

- Jiwe, msumari au skrubu kwenye tairi: mlio mmoja kwa kila mzunguko, kwenye kona na barabara iliyonyooka, mafuta yakikanyagwa au yasikanyagwe. Msumari usichomolewe kabla ya kuwa na tairi la akiba au fundi karibu.
- Kifuniko cha rimu kilicholegea: sauti nyepesi ya plastiki, hutoweka kifuniko kikitolewa.
- Nati za gurudumu zilizolegea: mgongo unaoongezeka, mara nyingi pamoja na mtikisiko wa usukani. Gari lisimamishwe mara moja.
- Pedi za breki zinazocheza ndani ya kalipa: "tak" moja breki inapokanyagwa baada ya kubadili mwelekeo, kutoka mbele kwenda nyuma au kinyume chake.
- Meno makavu ya shafti ndani ya habu, au nati ya ekseli iliyolegea: "tak" moja gari linapoondoka, hasa baada ya kutoka rivasi. Nati ya ekseli iliyolegea huharibu pia beringi ya gurudumu.
- Beringi ya gurudumu: kwa kawaida huvuma na haigongi. Mvumo hubadilika uzito wa gari unapohamia upande mmoja.
- Boli jointi, tairodi endi na bushi: hugonga kwenye mashimo na matuta, na mlio haufuati mzunguko wa gurudumu.
- Maunti ya juu ya shokapu: hutoa mlio wa springi inayoruka usukani unapozungushwa, hata gari likiwa limesimama.
- Gia ndogo za ndani ya difu: hizi huzunguka kwenye pini yake pale tu gurudumu moja linapozidi kasi ya jingine, kwa hiyo zikivunjika jino hulia kwenye kona kama jointi ya CV. Ikiwa mipira ni mizima na jointi hazichezi, oili ya giaboksi humwagwa na kuangaliwa kama ina vipande vya chuma.
- Sahani inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki: ikipasuka au bolti zake zikilegea, hugonga kwa kasi ya injini hata gari likiwa limesimama.

Magari ya magurudumu ya nyuma na ya manne

Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma na lenye ekseli ngumu halina jointi za CV kwenye magurudumu hayo. Mlio wake mara nyingi hutoka kwenye krosi za propela. Krosi iliyokauka hutoa mlio mkali na wa haraka gari linapoanza kwenda, na hugonga "ko" moja gia inapobadilishwa kutoka rivasi kwenda mbele. Krosi hukaguliwa kwa kushika propela pande zote mbili za jointi na kuzisokota kinyume. Vumbi jekundu kama kutu kuzunguka vikombe vya krosi ni dalili kwamba beringi zake za sindano zimeisha.

Magari ya magurudumu manne yana jointi nyingi zaidi. Toyota Land Cruiser yenye ekseli ngumu ya mbele, kama zile za mfululizo wa 70, ina jointi za gololi zilizofichwa ndani ya duara la chuma kwenye kila gurudumu la mbele, kwa hiyo hakuna mpira wa kukagua. Katika magari haya jointi zinaweza kuwa mbovu na zisilie, hadi hapo magurudumu ya mbele yatakapounganishwa na injini. Majaribio yake hufanyika kwenye ardhi ya udongo au mchanga. Kukata kona kali kwenye lami kavu huku magurudumu manne yamefungwa pamoja huzisokota shafti na kuweza kuvunja kitu kilichokuwa kizima.

Matengenezo

Tengenezo hutegemea hatua ya uharibifu.

Mpira umepasuka, jointi bado haina mlio. Jointi hufunguliwa, husafishwa kabisa, hukaguliwa, hujazwa girisi mpya na kufungwa mpira mpya na klipu mpya. Girisi inayofaa kwa jointi ya gololi ni ile yenye molibdeni, ambayo huwa na rangi nyeusi au ya kijivu. Kwa kawaida huuzwa pamoja na mpira.

Jointi imeanza kulia. Girisi mpya inaweza kupunguza sauti kwa muda mfupi, lakini haijazi vishimo vilivyokwisha kulika. Jointi hubadilishwa, au shafti nzima hubadilishwa ikiwa bei haipishani sana.

Kuhamisha jointi upande. Katika magari ambayo jointi za kulia na kushoto zina umbo moja, mafundi wengine huzibadilishana. Gari likienda mbele, jointi iliyohamishwa husukuma upande wa mfereji ambao haukulika. Ni njia ya kuongeza muda tu. Mlio hubaki kwenye rivasi.

Wakati wa kununua jointi, mambo matatu hulinganishwa na ya zamani: idadi ya meno ya shafti kwa ndani na kwa nje, kipenyo cha kikombe, na bangili yenye meno ya mfumo wa ABS kama gari linao. Jointi isiyo na bangili hiyo, au yenye idadi tofauti ya meno, itaingia vizuri lakini taa ya ABS itawaka na mfumo huo hautafanya kazi. Shafti ya mtumba hukaguliwa kama ile iliyotolewa, kwa kuwa nayo imetoka kwenye gari la zamani.

Wakati wa kufunga, nati ya ekseli hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kulingana na kitabu cha gari husika, kisha hufungwa kwa pini au kwa kugongwa ukingo wake isilegee. Gari lisishushwe wala kusukumwa magurudumu yakiwa chini kabla ya nati hiyo kukazwa, kwa sababu beringi nyingi za magurudumu hushikiliwa na mkazo wake. Shafti ikichomolewa kwenye giaboksi oili inaweza kumwagika. Kiwango chake hupimwa na kurudishwa, na sili ya oili hukaguliwa.

Hatari za kupuuza mlio

Jointi inayolia kidogo haivunjiki siku hiyohiyo, na magari mengi huendelea kutembea nayo kwa muda. Lakini hakuna njia ya kujua muda uliobaki. Ikivunjika, mambo haya hutokea:

- Gari hupoteza nguvu yote. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande usio na kizuizi, kwa hiyo shafti iliyovunjika huzunguka bure na gurudumu zima la upande wa pili halisukumwi. Hili likitokea wakati wa kupita gari jingine au kuvuka njia ya reli, ni hatari kubwa.
- Gia ya P haishiki. Katika gari la otomatiki linalovutwa na magurudumu ya mbele, P huzuia difu isizunguke. Haifungi magurudumu moja kwa moja. Shafti moja ikikatika, gari lililoegeshwa mlimani kwa P peke yake linaweza kuteremka. Kwa sababu hiyo breki ya mkono hukazwa daima, na mawe au vigingi huwekwa kwenye magurudumu ya gari lililoharibika namna hii.
- Shafti iliyolegea huyumba na inaweza kukata bomba la breki, waya wa ABS au kupasua giaboksi.

Katika Afrika Mashariki

Magari madogo yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani ni mengi katika miji ya Tanzania, Kenya na Uganda, na mengi kati yake, kama Toyota Vitz na Toyota IST, huvutwa na magurudumu ya mbele. Mara nyingi gari hufika likiwa na mipira ileile ya kiwandani, ambayo tayari imezeeka. Barabara za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika huifanya mipira iliyopasuka iharibu jointi haraka.

Sababu nyingine ni kuinua gari. Wamiliki wengi huweka vipande vya kuinulia juu ya shokapu au springi ndefu ili gari lisigonge chini. Jambo hilo hubadilisha pembe ya shafti hata gari likiwa limenyooka, hivyo jointi na mipira yake hufanya kazi ikiwa imepinda muda wote. Kadiri gari linavyoinuliwa zaidi, ndivyo jointi zinavyolika mapema.

Kinga

Kinga ya jointi ni kinga ya mpira wake. Kila gari linapoinuliwa kwa kubadilishwa oili au kuzibwa pancha, mipira yote minne hutazamwa kwa tochi, na ufa mdogo hurekebishwa kabla girisi haijatoka. Wakati wa kuosha gari, maji ya nguvu hayaelekezwi kwenye klipu za mipira. Dereva naye huepuka kukanyaga mafuta kwa nguvu usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho, kwa kuwa ni katika hali hiyo jointi hubeba mzigo mkubwa kabisa ikiwa imepinda kabisa.

Anayenunua gari lililotumika anaweza kufanya jaribio la miduara, mbele na rivasi, kwa dakika chache kabla ya kukubaliana bei. Muuzaji anayekataa jaribio hilo kwenye uwanja wa wazi anampa mnunuzi sababu ya kukagua mipira kwa makini zaidi.